Nyota ya Chungwa na Shimo la Kasulo

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kama kuna mtu anataka kunicheka acheke sasa, tuendelee. Nafundisha Dilala, hapa Kolwezi, katika shule ya matofali ya zamani ambayo vioo vya madirisha yake vilikwisha kitambo, na pikipiki za teksi zinapiga honi nje mpaka nashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe. Nyumbani kwangu ni Kasulo. Asubuhi nilikuwa nafundisha mvuto wa sayari, jioni narudi kwenye nyumba yenye shimo chumbani.

Shimo lile alilichimba mume wangu. Halikuwa uani wala nyuma ya choo. Lilikuwa ndani ya chumba chetu, pale pale kitanda kilipokuwa, na muda wote lilipokuwa wazi mimi nilitaka kitu kimoja tu: lifungwe yeye akiwa hai. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipoinua sururu, nikamwambia tena kila wiki. Naye kila wiki alinijibu kwamba mvua zikianza atafunga.

Mtu wa mbali akisikia habari hii anatikisa kichwa. Wanachimba chini ya nyumba zao, wana akili kweli hawa? Aje akae hapa kwanza. Jirani wa kushoto amechimba, wa kulia amechimba, watoto wako wanakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo bila kipande cha samaki, na chini ya godoro lako kuna udongo mweusi wa kobalti ambao dunia nzima inautafuta kwa ajili ya simu na magari yake. Nitajie usingizi ambao ungelala. Mume wangu alikuwa seremala, fundi wa milango na makabati, mtu wa mikono safi. Lakini Kasulo ilipoanza kuchimbika, nani tena alitaka kabati? Watu walikuwa wanavunja sakafu, wewe unawauzia meza.

Basi akachimba, na akachimba kama seremala. Kuta za shimo lake alizishikiza kwa mbao zilizopigwa randa, na ngazi yake ilikuwa nzuri kuliko ya kanisani. Wachimbaji wengine walikuja kuitazama wakamcheka, wakamuuliza kama ataweka na mapazia. Alicheka nao. Nilijua udongo hautamwangukia, na hata leo nasema wazi kwamba udongo haukumwangukia.

Mimi sikuwahi kuiona ngazi hiyo wakati wa kazi. Kwetu mwanamke hakaribii shimo. Wanasema madini yakisikia harufu ya mwanamke yanakimbia, mshipa unajificha, na mwanamke akiwa katika siku zake ndiyo balaa kabisa. Mambo haya hayabishaniwi. Mimi mwenye diploma ya fizikia nilifukuzwa katika chumba changu mwenyewe. Wakatundika pazia mlangoni, wakatoboa ukuta wa nyuma wapate mlango wao wa uani, nikahamishiwa sebuleni pamoja na binti zetu wawili, na nguo zangu zikaletwa ndani ya karai. Upande wa pili wa pazia alikaa mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, kazi yake kushika kamba, kuvuta mifuko, na kuangalia mashine ndogo ya hewa iliyokuwa inapeleka pumzi chini kwa bomba la plastiki. Nikitaka kitu chumbani mwangu namwomba shemeji. Hata chupi zangu nilimwomba shemeji. Cheka, nimekwambia ucheke.

Halafu kuna nyota. Habari zake nilizikuta katika sanduku la majarida ya Kifaransa ambalo padri mmoja aliliacha parokiani aliporudi kwao. Nilikuwa natafuta cha kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho, maana vitabu vyetu vinaishia pale ambapo panya wameishia. Jarida moja lilisema kuna nyota ya rangi ya chungwa, ndogo kuliko jua letu na isiyowaka sana kama jua letu, na kwa hesabu za mbinguni ni jirani kabisa. Ujirani wenyewe ni kwamba mwanga unaotoka kule leo, mtoto atakayezaliwa leo atauona akiwa bibi kizee. Karibu na nyota hiyo, karibu mno, inazunguka sayari kubwa kuishinda Jupita. Iko karibu hivi kwamba mwaka wake mzima unakwisha kwa siku mbili na kitu. Upande mmoja unaitazama nyota daima, unaungua. Upande wa pili haujawahi kuona mchana. Ukiiangalia kwa mbali ni ya buluu nzuri, ungesema bahari. Si bahari. Wataalamu wanadhani mawingu yake yana chembe za kioo, na upepo wa kule unazivurumisha kwa ubavu, haraka kuliko ndege yoyote tunayoijua.

Mume wangu aliipenda sayari ile kama mtu anavyopenda habari za mjomba mlevi. Akitoka shimoni, akishaoga uani na ule weusi umeshuka na maji, anakaa mbele ya bukari yake na kuniuliza habari za huko. Nilipomweleza mvua ya kioo alifikiri kidogo, akasema basi mafundi wa madirisha wa kule wanalala njaa. Na kwa kuwa mwaka wa kule ni siku mbili, na yeye mara nyingine alikuwa anashinda chini mchana kutwa na kurudi tena kesho yake, akaanzisha mchezo wake: akitoka tu nje ya pazia ananipa mkono kwa heshima zote na kunitakia mwaka mpya. Binti zetu walikuwa wanasubiri mkono huo kuliko chakula. Mimi nilikuwa nakasirika kila mara, kisha nacheka.

Kitu kimoja tu hakikumchekesha. Jarida lilisema sayari kubwa namna ile haizaliwi karibu na nyota. Inazaliwa mbali, kwenye baridi, kwenye nafasi, halafu kwa sababu ambazo wataalamu bado wanazibishania inavutwa pole pole hadi pale inapochomwa. Na ikishafika haitoki tena. Nyota inairushia miali yake na kuinyang'anya hewa kidogo kidogo. Mume wangu alizaliwa upande wa Musumba, Kapanga huko, ambako barabara ni tope na watu wanalima mihogo na mahindi, na mama yake bado yuko. Aliacha shamba lote lile akaja Kolwezi kwa lori, akiwa na randa na msumeno ndani ya gunia. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba labda na yenyewe ilisikia kuna kazi.

Sasa nieleze namna sayari ile ilivyojulikana, maana bila hiyo huwezi kuelewa kilichotupata. Wataalamu hawakuiona. Iko mbali sana na inafunikwa na mng'ao wa nyota yake. Walichoona ni mwanga wa nyota kupungua kidogo, kisha kurudi, kisha kupungua tena baada ya muda ule ule. Kitu kinapita mbele. Kwa ule upungufu mdogo wakajua sayari ipo, wakajua na ukubwa wake.

Nilimweleza mume wangu haya jioni moja, sebuleni, chini ya ampulu yetu, yaani balbu ya taa. Hiyo ilikuwa ampulu ya zamani, ya ule uzi unaowaka ndani. Umeme wa mtaa wetu unaujua mwenyewe: waya mmoja mwembamba na nyumba zote zinanyonya. Mashine ya hewa ilipowashwa chumbani, ampulu ya sebuleni ilikuwa inaishiwa nguvu, inaacha weupe na kuwa rangi ya chungwa. Mashine ikizimwa, inarudi nyeupe. Mume wangu aliitazama ampulu, akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu aliyekata mbao ikaingia sawasawa mara ya kwanza.

"Basi na weye uko na nyota yako," akasema. "Huwezi kuniona kule chini, lakini ukiona ampulu iko rangi ya chungwa, ujue mi niko napumua."

Ikawa hivyo. Nikirudi kutoka Dilala, kabla ya kuvua viatu, naitazama ampulu. Ikiwa ya chungwa, moyo unatulia, natia maji kwenye sufuria. Binti zetu nao wakajifunza. Mtu akija kumuulizia baba yao, mdogo alikuwa anatazama juu kwanza, halafu anajibu kwamba baba yupo kazini. Nafikiri hakuna mke mwingine duniani aliyemlinda mumewe kwa namna hiyo, na nilijivuna. Ndiyo, nilijivuna. Wale wanaume walinifungia pazia, mimi nikapata mlango wa sayansi.

Darasani nilifundisha habari ya nyota kwa siku kadhaa, na sijawahi kuwa na wanafunzi watulivu vile. Mmoja akauliza kama kule kuna kobalti, darasa zima likacheka, nami pia. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akainua mkono.

"Madame, banajua namna gani kama njo sayari? Pengine iko kitu ingine inapunguza ule mwanga."

Nilimpenda kwa swali hilo. Nikamwambia ni kweli, nyota ile inajulikana kuwa na madoa meusi usoni, makubwa, na doa likigeuka upande wetu mwanga unapungua vilevile. Mtu mwenye haraka anaweza kuona doa akasema ameona sayari. Ndiyo maana wanapima mara nyingi, wanasubiri, wanalinganisha. Nililisema jambo hilo vizuri, kwa mifano, na chaki mkononi. Kisha nikapanda pikipiki kurudi nyumbani, nikatazama ampulu, nikaweka sufuria motoni.

Mvua ya kwanza ilikuja Jumamosi mchana. Asubuhi ile mume wangu alikuwa amekubali. Naapa alikubali. Alikuwa ameona mawingu, akasema kwamba ameufikia mshipa mzuri, anamaliza kipande kimoja, kisha anafunga, na kwa mbao za shimo atatengeneza kitanda. Niliimba nikiwa natwanga sombe. Mvua ilipopiga mabati sikusikia tena kitu kingine, si mashine yetu, si mashine za majirani, si sauti ya mtu. Nilitazama juu. Ampulu ilikuwa ya chungwa, tena ya chungwa iliyoiva. Nikaendelea kutwanga, kisha nikaiweka sombe motoni na kuikoroga.

Kilichotokea nilikipata baadaye, kwa vipande. Jirani wa kulia alikuwa ameleta pampu mpya wiki ile ya kutoa maji shimoni mwake, akaiunga kwenye waya ule ule tunaoutumia sisi. Mvua ilipoanza akaiwasha kwa nguvu zote. Mashine yetu ndogo haikuweza kushindana nayo, ikazimika. Pampu ya jirani ikaendelea kunyonya umeme, na ampulu yangu ikabaki ya chungwa. Shemeji hakuwepo kwenye kamba. Alikuwa ametoka mbio kufunika mifuko ya madini kwa turubai, maana udongo ule ukilowa, wanunuzi wanaukataa. Si kwamba alikwenda kulewa. Alikuwa anaokoa kazi ya kaka yake.

Mvua ilipopungua nilisikia kwanza miguu mingi upande wa pili wa pazia. Halafu sauti za wanaume, chini chini, kama watu wanaojadili bei. Niliuliza kuna nini. Shemeji akajibu hakuna kitu, shemeji, kaa. Nikatazama ampulu. Binti mkubwa akaniuliza, nikamwambia baba yupo, si unaona mwenyewe? Nikaketi tena. Nilikaa pale na mwiko mkononi muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, mimi ninayewafundisha watoto wa watu kupima.

Nilipolivuta pazia nilikuta wanaume wamezunguka shimo, kamba imelegea. Mmoja, sikumjua hata ni nani, alinyoosha mkono kunizuia.

"Mama, toka. Utaharibu shimo."

Mume wangu alikuwa bado chini, na mtu huyo alikuwa anayalinda madini dhidi ya harufu yangu. Nilimpiga kwa mwiko usoni. Sijutii, na leo nikimwona njiani nitampiga tena. Baada ya hapo hakuna aliyenizuia. Nikaiona ile ngazi, nzuri kweli kweli, kila daraja limelainishwa ili lisimchome mtu. Wakampandisha kwa kamba, taratibu, na hakuwa na jeraha hata moja. Hewa tu ilikuwa imekwisha.

Msibani walisema yote yanayosemwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akanong'ona mama mmoja akidhani sisikii. Nilimgeukia nikamwambia ainue mkeka wake aende akaimalizie methali hiyo kwake, maana na kwake kuna shimo. Mama mkwe alifika kutoka Musumba wakati udongo wa kaburi umeshakauka, kwa sababu lori lake lilikwama njiani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mwanawe alikuwa anakula vizuri, na hapo ndipo nililia kilio chenyewe, kile ambacho siku ya maziko kiligoma.

Nilikwenda kwa jirani wa kulia. Nilikwenda na hasira yangu yote, nimeipanga vizuri kichwani. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, amejifunika uso, na mke wake akaniletea kiti. Alisema hakujua. Kweli hakujua. Nani angemwambia kwamba kuna mwanamke sebuleni anasoma uhai wa mumewe kwenye ampulu? Jambo hilo tulilijua sisi tu, mimi na marehemu na watoto. Nilirudi na hasira yangu kama nilivyokwenda nayo, sina pa kuitua.

Na shemeji, masikini, alikuja kabla arobaini haijafika. Alikuja na wanaume wawili, wakavua kofia, wakazunguka maneno kama paka kwenye maziwa. Hatimaye akasema kwamba kaka yake alikuwa ameshafika penyewe, mshipa uko wazi kule chini, na wazee wa kazi wanasema shimo lililochukua mtu huwa linatoa. Niwaachie waendelee. Nitapata sehemu yangu, watoto watasoma.

"Shemeji," nikamwambia, "mi nilitaka hii shimo ifungwe bwana yangu akiwa mzima. Sikuipata. Sasa itafungwa hivi hivi."

Wanaume hawakukubali kunisaidia kulijaza, kwa hiyo tulilijaza wanawake. Walikuja akina mama wa kwaya ya parokia na makarai yao, wakaja walimu wenzangu wa kike, akaja mke wa jirani wa kulia. Tulibeba mawe, tulibeba udongo, tulibeba mabaki ya matofali, tukiimba za kanisa na nyingine ambazo si za kanisa. Waume zao walisimama barabarani mikono imefungwa vifuani, wakitazama wanawake wanavyoingia chumbani na kutoka, wanaingia na kutoka. Mbao zake sikuzitoa. Zilibaki humo ndani pamoja na ngazi. Juu tukamwaga saruji, nikailainisha mwenyewe kwa ubao, na ilipokauka nikarudisha kitanda.

Sikufundisha tena ile nyota. Wanafunzi waliomba, na yule msichana wa nyuma alinijia baada ya kipindi, akachukua dasta akanifutia ubao. Watu wa mbali nao hawakosekani. Mmoja alikuja shuleni na kamera, akaniuliza kwa nini tusihame tu Kasulo. Nilimuuliza kama anajua sayari ngapi zimewahi kuzihama nyota zao. Hakuelewa, akaandika kitu, akaenda zake.

Niliamini angalau hilo moja limekwisha. Shimo limefungwa. Hakuna mwana wa mtu atakayeshuka tena chini ya nyumba yangu. Nilikuwa nalala juu ya saruji ile na kujisemea hivyo, ikawa ndiyo sala yangu.

Wiki iliyopita, Jumapili baada ya misa, nilikuwa nakunja nguo kitandani nikasikia mgongano. Mdogo, mkavu, wa chuma kwenye jiwe. Nikadhani ni jirani anapigilia misumari. Ukasogea. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu ya saruji, nikausikia ukipanda mkononi. Walikuwa wanakuja kwa chini kutoka upande wa kulia, au wa kushoto, au kote kuwili. Mshipa haujui kiwanja cha nani ni cha nani, na wao walikuwa wanaufuata.

Nilichukua mchi nikagonga sakafu kwa nguvu zangu zote, nikiwaambia watoke, watoke. Chuma kikanyamaza. Nikashusha pumzi.

Kisha wakajibu. Walinigongea mara mbili, taratibu, kwa adabu, namna mtu anavyobisha hodi.

Binti yangu mdogo alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliuacha mlango, akaja akalala kifudifudi kando yangu, sikio kwenye saruji, akagonga kwa kifundo cha kidole. Chini wakamjibu. Akagonga tena, wakamjibu tena, na mtoto ambaye hajacheka tangu tumzike baba yake akaanza kucheka. Nilibaki nimeshika mchi. Nilitakiwa nimwambie ainuke, nimwambie hao ni watu wengine, si baba yake, na badala yake nikaulaza mchi sakafuni taratibu, nisimkatize.